Seva ya Chama Kikuu Ikizidiwa: Tuitazame Kabla ya Kuizima

Na Mkaguzi wa Ushirika, Masasi



Katika ziara zangu za ukaguzi wakati wa msimu wa korosho, hakuna neno nilisikialo mara nyingi katika ofisi za vyama kama neno hili: "Mfumo umeganda." Karani wa chama cha msingi humwambia hivyo mkulima aliyekuja kuuliza malipo yake, mkulima hulichukua neno hilo hadi kijijini, na kabla ya jua kuchwa limekwisha kugeuka kuwa "viongozi wamekula." Kwa hiyo nimeona yafaa nieleze katika kurasa hizi ni jambo gani hasa hutokea ndani ya mashine inaposemwa kuwa imeganda, na jinsi inavyowezekana kuzitazama kwa macho kazi zinazoendelea ndani yake hata akatambulikana yule anayewazuia wenzake. Mimi sikusomea ufundi wa kompyuta. Nilisoma hadi kidato cha nne, na haya niyaandikayo nimeyapata kwa kuwaulizauliza mafundi, na pia kwa kosa moja langu mwenyewe ambalo nitalieleza bila kuficha.

Kwanza tukumbushane kazi yenyewe. Tangu utaratibu wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwa korosho za Mtwara katika msimu wa 2007/2008, chini ya sheria iliyotungwa mwaka 2005, mkulima hapokei fedha mizanini. Korosho zake hupimwa chamani, hupelekwa ghala kuu, huuzwa mnadani, kisha fedha humfikia kwa njia ya benki. Katika msimu wa 2024/2025 minada yenyewe iliendeshwa kwa mfumo wa kompyuta wa Soko la Bidhaa Tanzania, yaani TMX. Lakini kati ya mnada na benki ipo kazi kubwa ya hesabu ambayo wakulima wengi hawaioni: kilo za kila mtu, daraja la korosho, bei ya mnada ule, na yale makato yote ya mjengeko wa bei. Zamani hesabu hizi zilikaa katika madaftari ya karani. Siku hizi katika vyama vingi zimo ndani ya hifadhidata, nayo hifadhidata imo ndani ya kompyuta moja kubwa iitwayo seva, ambayo makarani wote huifikia kutoka mahali walipo.

Mashine hiyo ikisimama siku mbili baada ya mnada, hasara haibaki ofisini. Mkulima mwenye mgonjwa Mkomaindo hawezi kumwambia mgonjwa asubiri seva. Atachukua magunia aliyobakiwa nayo nyumbani na kumpa mtu wa kangomba kwa bei ya chini, usiku, na chama kitazikosa korosho hizo moja kwa moja. Nimewahi kuketi na mzee mmoja aliyefanya hivyo. Hakuwa mkaidi wala mjinga. Alikuwa amepiga hesabu yake na kuona kwamba nusu ya bei leo ni bora kuliko bei kamili ya siku isiyojulikana.

Sasa tuingie ndani ya mashine. Kila karani anapobonyeza kitufe ili aone kilo za mwanachama, au abadili namba ya akaunti, au achape orodha ya malipo, kompyuta yake hupeleka swali kwa hifadhidata. Mafundi hulichukulia hata agizo la kuandika au kurekebisha kuwa ni swali, nasi tuwafuate. Hifadhidata hupokea maswali mengi kwa wakati mmoja na kuyagawia nguvu za mashine: uwezo wa kupiga hesabu, kumbukumbu, na diski ya kusomea na kuandikia. Swali dogo hujibiwa kabla karani hajainua kidole. Swali kubwa huweza kuchukua saa nzima, na mradi halijamalizika linakula nguvu ambazo zingewatosha watu mia.

Wakazi wa uwanda wa Makonde wanalijua jambo hili bila kufundishwa kompyuta. Maji ya Newala husukumwa kwa mitambo kutoka Mitema, chini bondeni, hadi juu uwandani. Fikirini bomba moja lenye foleni ya akina mama wenye ndoo moja moja. Akija mtu mwenye gari na mapipa thelathini, akashika bomba, foleni itasimama. Na atazamaye kwa mbali atasema maji yamekatika. Hayakukatika. Yanaingia katika mapipa. Ukienda kuzima pampu ya Mitema ili "kuanza upya," umewanyima maji wote, na ikiwashwa tena mwenye mapipa atakuwa wa kwanza kurudi bombani.

Hivyo ndivyo ilivyotokea katika chama kikuu kimoja nilichokuwa nikikikagua, ambacho sitakitaja kwa jina. Ilikuwa mwezi wa Novemba, siku chache baada ya mnada. Makarani walikuwa wakitengeneza orodha za benki, na tangu saa tatu asubuhi skrini zao zilikuwa zikizunguka tu bila jibu. Meneja, mtu mwema lakini mwenye haraka, alikwisha kuamuru seva izimwe na kuwashwa mara mbili. Baada ya kuzimwa mara ya pili, jedwali moja lilikataa kufunguka kwa kuwa lilikatizwa katikati ya kuandikwa, ikabidi litengenezwe kwanza, na saa nzima ikapotea. Alipotaka kuizima mara ya tatu, kijana fundi wa kompyuta alisimama akasema, "Ndugu Meneja, nipe dakika tano nitazame nani yumo ndani."

Aliketi, akaandika maneno matatu: SHOW FULL PROCESSLIST. Hiyo ndiyo amri ya hifadhidata za aina ya MySQL, na maana yake ni "nionyeshe orodha nzima ya kazi zinazoendelea." Ikatokea orodha kama ya mahudhurio. Kila mstari ulikuwa mtu mmoja aliyeunganishwa na seva: namba yake, jina la mtumiaji, kompyuta aliyotokea, anafanya nini, kwa sekunde ngapi, yuko katika hali gani, na mwishoni maneno yenyewe ya swali lake. Neno FULL lina kazi yake. Bila hilo mashine huonyesha herufi 100 za mwanzo tu za swali, na mara nyingi siri imo katika zile zilizobaki.

Mistari karibu yote ilisema jambo moja katika safu ya hali: inasubiri kufuli la jedwali. Fundi hakuihangaikia. Alishuka na kidole chake akitafuta wale wasiosubiri, akafika penye mstari wenye sekunde 5,412, yaani saa moja na nusu. Chini yake palikuwa na swali lile lile, neno kwa neno, likiwa limeulizwa mara ya pili, na tena mara ya tatu. Lilikuwa likidai makato yote ya kila mwanachama wa kila chama kwa misimu mitano.

Yule kijana alinigeukia akasema kwa adabu, "Shikamoo nilikwisha kukupa asubuhi, mkaguzi, sasa uniwie radhi. Taarifa hii umeiomba wewe."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimemwomba karani mmoja anitolee taarifa hiyo kwa ajili ya ukaguzi, na kila seva ilipowashwa upya nilimhimiza abonyeze tena. Ilipokawia nilimwambia abonyeze tena na tena. Sikujua kwamba kubonyeza upya, au hata kufunga dirisha la skrini, aghalabu hakuliondoi swali la kwanza. Lile linaendelea kutafutwa ndani ya seva ingawa hakuna tena anayelingoja jibu, na la pili huongezwa juu yake. Nilikuwa nimeleta gari la mapipa mara tatu, huku nikiandika katika daftari langu la ukaguzi kwamba ofisi ile inachelewesha malipo ya wakulima.

Pana jambo la kuelezwa hapa, kwa sababu wengi huuliza: swali la kusoma tu linawezaje kuwazuia wanaoandika? Majedwali ya hifadhidata ile yalikuwa ya mtindo wa zamani uitwao MyISAM. Katika mtindo huo, anayesoma jedwali huliwekea kufuli zima, na anayetaka kurekebisha mstari mmoja hana budi angoje hadi msomaji amalize. Tena, akishakuwapo mmoja anayengoja kurekebisha, wasomaji wanaokuja nyuma yake nao husimama, maana mrekebishaji hupewa nafasi mbele yao. Hivyo taarifa moja ndefu, pamoja na karani mmoja anayebadili namba ya akaunti, hutosha kuifunga ofisi nzima. Mtindo mpya zaidi, InnoDB, ambao umekuwa wa kawaida katika MySQL tangu toleo la 5.5 la mwaka 2010, hufunga mstari unaoandikwa tu, na msomaji haugusi mlango wa mwandishi. Hata hivyo nguvu za mashine bado ni zile zile. Taarifa tatu kubwa huweza kuidhoofisha seva hata bila kufuli lolote.

Hifadhidata za aina ya PostgreSQL, ambazo asili yake ni Chuo Kikuu cha California huko Berkeley miaka ya 1980, zina orodha kama hiyo iitwayo pg_stat_activity. Humo utakuta neno moja la kuangaliwa sana: "idle in transaction." Huyo ni mtu aliyefungua daftari, akaanza kuandika muamala, kisha akaenda kula chakula cha mchana akiwa amelalia daftari kwa kiwiko. Hafanyi kazi, hali nguvu, na kwa mtazamaji mgeni anaonekana hana hatia. Lakini mistari aliyoigusa imefungwa hadi arudi. Toleo la 9.6 la mwaka 2016 lilileta amri iitwayo pg_blocking_pids, ambayo ukiipa namba ya anayesubiri itakutajia namba za wanaomzuia. Ni msaada mkubwa, kwa kuwa katika foleni ndefu aliye mbele yako si lazima awe ndiye mwenye kosa. Huenda naye anamngoja mwingine.

Msitishike na mistari yenye neno "Sleep," yaani aliyelala. Huyo amekaa benchini hajauliza kitu, na sekunde zake zahesabu muda aliokaa kimya tu. Lakini anashika kiti. MySQL ikiachwa kama ilivyotoka kiwandani ina viti 151, na PostgreSQL ina 100. Viti vikijaa, ajaye hukataliwa mlangoni hata kama ndani watu wote wamelala. Waliozitengeneza waliliona hilo, wakaacha nafasi ya akiba kwa msimamizi ili apate kuingia na kutazama. Kwa hiyo ni makosa makubwa, nami nimeyaona katika ofisi zaidi ya moja, kuwapa makarani wote jina la siri la msimamizi "ili kurahisisha kazi." Siku ya shida kile kiti cha akiba kimekwisha kukaliwa.

Baada ya kumjua mwenye mapipa, kuna kumwondoa. Katika MySQL amri ya KILL QUERY pamoja na namba ya mstari hulikatiza swali bila kumtoa mtu. KILL peke yake humtoa mtu mwenyewe. PostgreSQL nayo ina pg_cancel_backend kwa la kwanza na pg_terminate_backend kwa la pili. Tuanze daima na ile ya upole. Swali la kusoma likikatizwa halipotezi chochote. Siku ile fundi alipozikata taarifa zangu tatu, foleni iliyeyuka kabla meneja hajarudi kitini. Lakini swali lililokuwa likiandika si hivyo. Katika mtindo wa InnoDB, mashine italazimika kuyafuta yote iliyokwisha kuandika ili hesabu irudi kama ilivyokuwa, na kazi hiyo huweza kuchukua muda mrefu kama uliokwisha kutumika, au zaidi. Zoezi la kuingiza malipo ya wakulima likiwa limekwenda saa moja, anayelikatiza awe na sababu, na awe tayari kungoja. Na anayeizima seva kwa swichi ya ukutani wakati huo ajue kwamba kazi ya kufuta haikwepeki, itamngoja atakapoiwasha.

Mimi kama mkaguzi naongeza neno la daftari. Kila swali linalokatizwa liandikwe: saa ngapi, namba gani, la nani, lilikuwa likifanya nini, nani kaamua. Fundi asiachwe peke yake na uamuzi wa kukata kazi ya malipo.

Si kila kuganda ni kwa seva. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikadorora nchi nzima, na hapakuwa na fundi wa chama ambaye angeweza kuliondoa tatizo hilo kwa kutazama orodha yake. Kipimo chake ni rahisi: kama walio ndani ya ofisi ya chama kikuu, karibu na seva, wanafanya kazi vizuri na walio mbali hawapati kitu, tazameni mtandao. Kama wote wamesimama, tazameni orodha ya maswali.

Turudi kwenye taarifa yangu, maana bado sijaeleza kwa nini ilichukua saa nzima na zaidi. Jedwali la makato halikuwa na faharasa ya namba ya mwanachama. Tuseme pana wanachama 6,000 na mistari ya makato 400,000. Pasipo faharasa, kwa kila mwanachama mashine husoma mistari yote 400,000 toka mwanzo hadi mwisho ili kuokota ile iliyo yake. Jumla ni mistari 2,400,000,000. Pakiwa na faharasa, mashine hutafuta kama tutafutavyo neno katika kamusi, ikifungua katikati na kuacha nusu isiyohusika, tena nusu ya nusu, na kwa hatua zisizozidi 19 imefika. Mara 6,000 ni hatua 114,000. Fundi aliijenga faharasa jioni ile makarani walipokwisha kuondoka. Taarifa yangu ikatoka kwa dakika zisizofika tatu, na nilijiona mdogo sana.

Mnaweza kuuliza: mngejuaje mapema, kabla ya msimu? MySQL ina daftari la maswali ya polepole, ambalo huandika kila swali lililozidi muda uliowekwa. Kipimo cha kawaida ni sekunde 10. Lakini daftari hilo hutoka kiwandani likiwa limefungwa, na katika ofisi nyingi halijafunguliwa kamwe. Lifunguliwe mwezi wa Agosti au Septemba, wakati kazi ni chache, nalo litawataja wenye mapipa mmoja mmoja kabla korosho hazijaanza kuingia ghalani.

Taarifa kubwa zifanywe usiku. Wenzetu wa afya wanafanya hivyo: takwimu za hospitali za nchi hii, Mkomaindo ikiwamo, huingizwa katika mfumo wa DHIS2, ambao unatumia PostgreSQL, na majedwali yake ya uchambuzi hutayarishwa kwa ratiba, aghalabu usiku, ili mtu anayetaka jumla ya mwezi mchana asiisumbue mashine kuhesabu fomu moja moja upya. Sioni sababu ya sisi wa korosho kushindwa.

Lipo pia suala la nani aruhusiwe kutazama. Haki ya kuiona orodha si haki ya kubadili kitu. MySQL inayo ruhusa ya namna hiyo, iitwayo PROCESS, na PostgreSQL tangu toleo la 10 la mwaka 2017 ina daraja la pg_monitor. Naona ni halali mkaguzi na mhasibu mkuu wapewe ruhusa hiyo ya macho tu. Lakini orodha ile huonyesha maneno ya maswali, na ndani ya maneno hayo huwamo majina ya wakulima na namba zao za benki. Kuipiga picha kwa simu na kuituma katika kundi la WhatsApp ili kuomba msaada ni kuvunja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Nimeletewa picha za namna hiyo mimi mwenyewe, na aliyezituma alidhani ananisaidia.

Makarani wa vyama vya msingi, ambao hamna njia ya kuifikia seva, kazi yenu katika jambo hili ni ndogo lakini ina uzito. Bonyezeni mara moja. Jibu lisipokuja kwa dakika mbili, andikeni saa na kazi mliyoomba, kisha mpigieni simu fundi wa chama kikuu, mkimtajia hayo mawili. Kwa saa hiyo na jina lenu ataupata mstari wenu mara moja. Ombeni mnachokihitaji tu: kama mkulima mmoja anauliza msimu mmoja, msivute chama kizima. Na mkulima akiuliza, msimwambie mfumo umeganda. Mwambieni orodha ya chama imefika wapi, imeingizwa, au imehesabiwa, au imekwenda benki, na tarehe yake. Kama hamjui, ulizeni kwanza ndipo mmjibu.

Kwa upande wangu, barua ninayoandika kuomba taarifa kutoka vyama vikuu sasa ina mstari mmoja wa ziada, unaosema taarifa hii itolewe baada ya saa mbili usiku.